Kimondo cha Ivuna na Imani Isiyoogopa Vipimo

Kila zinapovuma habari za vyombo vya ajabu kushuka kutoka angani, wanasayansi huuliza: kimeacha nini ardhini? Januari 1981, huko Trans-en-Provence, Ufaransa, mtu mmoja alisema ameona chombo kikitua karibu na nyumba yake. Wataalamu wa serikali walipima udongo na majani ya mahali pale. Walikuta dalili kwamba ardhi ilibanwa na kupata joto, lakini vipimo havikusema ni kitu gani kilichofanya hivyo.

Tanzania nasi tunayo alama iliyotoka juu kwelikweli. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Momba. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Ni vya aina adimu mno, nayo imepewa jina la Ivuna.

Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy, watafiti wa Marekani, walitangaza kwamba katika kimondo hicho, na katika kile kilichoanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864, wameona chembe zinazofanana na masalia ya mwani. Ilikuwa kama kusema uhai upo nje ya dunia. Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago wakapima upya. Baadhi ya chembe zilikuwa chavua ya mimea ya hapa duniani. Hata mbegu zilizokutwa ndani ya kipande kimoja cha Orgueil zilikuwa zimepachikwa kwa gundi na mkono wa mtu.

Sisi wa bonde la Kilombero tunaijua njia hiyo. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu mwaka 1957, alipoianzisha Rudolf Geigy wa Basel. Katika miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na matokeo ya kwanza yalitia moyo. Majaribio yaliyofuata Gambia hayakuona kinga. Wazazi waliozika watoto kwa malaria walitamani jibu jingine; lakini chanjo isiyokinga, hata ikisifiwa, isingeokoa mtoto.

Mtume Paulo aliwausia Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Usia huo unatuhusu tunapoletewa habari za ishara na miujiza. Kuuliza ushahidi hakumvunjii Mungu heshima. Kinachomvunjia heshima ni kumtetea kwa jambo lisilo kweli.

Wala kimondo cha Ivuna hakikupoteza thamani baada ya kupimwa. Desemba 2020 chombo cha Japani kilileta vumbi kutoka sayari ndogo ya Ryugu, na wataalamu wakakuta limefanana sana na mawe ya aina ya Ivuna. Hayo ni makombo ya siku za mwanzo za jua na sayari zake. Habari ya mwani ilianguka. Hii imepimwa na kusimama, nayo inatosha kumfanya muumini amshukuru Muumba.