Ahadi na Mageuzi ya Mambo

Mtu aliyeahidi, je, anafungwa na neno lake hata mambo yakigeuka kabisa? Cicero alitoa mfano: mtu mwenye akili timamu amekuwekea upanga wake, kiisha anashikwa na wazimu, anakuja kuudai. Kumrudishia ni kosa. Mt. Agostino aliutwaa mfano huo, na Gratiano akautia katika kitabu chake cha sheria za Kanisa, karibu na mwaka 1140. Waliokifafanua kitabu hicho wakasema kwamba katika kila ahadi mna sharti lisilotajwa: mambo yakae kama yalivyokuwa. Mt. Tomaso naye afundisha kwamba Mt. Paulo hakusema uwongo alipokosa kwenda Korinto kama alivyoahidi, kwa sababu vizuizi vilitokea. Katika karne ya 14, Baldo akalipeleka sharti hilo katika mikataba ya raia.

Lakini watu waliogopa: kila mwenye deni angeweza kusema, “Mambo yamegeuka!” Sheria ya Ufaransa ya 1804 ikaamuru kwamba mapatano ni sheria kwao walioyafanya. Tuone matunda yake. Katika karne ya 16 wakulima wa Provence walipatana kulipa sous 3 kwa kila kipimo cha shamba kilichonyweshwa na mfereji wa Craponne. Miaka 300 ikapita, malipo hayakutosha tena kuutunza mfereji. Tribinali ya Aix iliongeza bei; tribinali kuu ya Paris ikakataa, 1876.

Vita ya 1914 ilileta ugumu mwingine. Makaa ya mawe yalipanda toka franka 35 hata 117, na kampani ya gazi ya Bordeaux ikaelemewa. Mwaka 1916 Baraza la Serikali liliamua hivi: kampani iendelee na kazi, lakini mji uchukue sehemu ya hasara. Mikataba ya raia wenyewe kwa wenyewe ilingoja hata 2016: tangu hapo mwenye kuelemewa kupita kiasi, kwa jambo lisiloweza kuonekana mbele, aweza kuomba mapatano mapya, wasipopatana, mwamuzi aweza kuyageuza au kuyamaliza.

Kwetu Kongo, kifungu cha 33 cha amri ya 1888 kilifuata neno lile la 1804. Basi, tunapopatana na fundi juu ya kujenga kanisa au shule, tuandike mbele namna ya kufanya bei ya simenti ikipanda mno. Haki isingoje ugomvi.