Mafuta ya Nazi na Nywele za Pwani

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331 kisha akavuka bahari hadi Dhofar katika nchi ya Omani, alieleza jinsi watu wa huko walivyotoa mafuta katika nazi, na jinsi wanawake wao walivyopaka nywele kwayo. Kwetu pwani kazi hiyo ilikuwa ya jikoni: nazi iliyokomaa ilikunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui likalazwa usiku kucha hata utando mzito ukaelea juu, ndipo ukaenguliwa na kupikwa kwa moto wa taratibu, mpaka maji yakaisha, povu likatulia na mashapo ya hudhurungi yakabaki chini ya sufuria. Aghalabu mafuta hayo yalitiwa asumini ama kilua yapate kunukia, na ndiyo yaliyotangulia kichwani kabla ya nywele kusukwa.

Mwaka 2003 watafiti wa Bara Hindi walidhihirisha kuwa mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kuupunguzia upotevu wa protini. Basi asiyadharau mtu kwa sababu tu yametoka jikoni.