Chaji ya haraka na kikombe cha chai

Wengi hudhani tatizo la magari ya stima ni kupata umeme wenyewe. La hasha! Kazi ni kuuingiza garini upesi, na historia yake ina funzo kwetu.

Desemba 2010 Nissan ilianza kuuza Leaf, yenye betri ya kWh 24. Kwa stima ya nyumbani ilichajiwa usiku kucha. Mwaka huohuo Wajapani walizindua mfumo wa CHAdeMO, jina linalochezea maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai wakati gari likichajiwa. Kwa mashine ya kW 50, betri ilifika asilimia 80 kwa takriban nusu saa. Chai hiyo unywe polepole!

Mbona asilimia 80? Fikiria matatu stejini: abiria wa kwanza huketi popote, wa mwisho husukumana kutafuta nafasi. Ioni za lithiamu nazo ni vivyo hivyo. Ukizilazimisha betri ikikaribia kujaa, hukosa pa kuingia, zikaganda juu ya elektrodi kama metali, na betri ikaharibika. Ndiyo maana gari lenyewe hupunguza kasi.

Adui wa pili ni joto. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Betri ya Leaf haikupozwa kwa maji, na mwaka 2018 wenye toleo la kWh 40 walilalamika kuwa chaji ya pili katika safari moja ilijikokota. Porsche Taycan ya 2019 ikaja na volti 800: nguvu ileile kwa nusu ya mkondo unaohitajika kwenye volti 400.

Fizikia ikapatiwa dawa. Binadamu je? Tesla ilifungua vituo vyake mwaka 2012 kwa plagi yake yenyewe. Umoja wa Ulaya ukachagua CCS2 mwaka 2014. Uchina ina GB/T. Sisi waandika programu twalijua gonjwa hili: kila mtu na mfumo wake, na mtumiaji ndiye anayeumia.

Leaf za mitumba zinazotoka Japani kuja Kenya zina tundu la CHAdeMO, ilhali Nissan yenyewe iliweka CCS kwenye Ariya za Ulaya na Marekani. Kwa hivyo kabla ya kulipa, usiulizie hali ya betri peke yake. Funua kifuniko, tazama tundu, kisha uulize ni kituo kipi njiani mwako chenye plagi yake.