Wageni wa Nairobi ya Mashariki: Maneno Machache juu ya Asili ya Mitaa Yetu

Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kutoa kwanza hesabu ya fedha, kisha habari za waliofiwa na waliosaidiwa. Safari hii tumeona yafaa kuongeza kurasa za historia, kwa kuwa kuna swali lisilokoma kuulizwa katika mikutano yetu. Je, jirani aliyetoka nchi nyingine, awe Mkongo, Mhabeshi, Msomali au Mrundi, ambaye amepanga chumba mtaani petu kwa sababu kodi ni nafuu kuliko kwingine mjini, aandikwe katika daftari la chama? Jawabu ni la mkutano mkuu. Lakini hawezi kujibu vema juu ya mgeni yule aliyesahau ugeni wake mwenyewe.

Nairobi si mji wa kale. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwezi wa Mei 1899, mahali ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Nyuma ya reli walikuja wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, nao wakajijengea vijiji pembezoni mwa mji: Pangani, Mombasa, Masikini na vinginevyo. Humo waliishi Waswahili wa pwani, Wamanyema ambao asili yao ni Kongo, Wanyamwezi, Waganda na Wanubi, pamoja na Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo. Waliokuwa karibu na kwao na waliokuwa mbali na kwao walilala chini ya paa moja, kwa maana kodi ya chumba haikumwuliza mtu kabila lake.

Kukaa pamoja kulizaa fikira mpya. Mwezi wa Juni 1921 Harry Thuku na wenziwe walianzisha chama kilichobeba jina la vijana wa Kikuyu. Haukupita hata muda wa miezi miwili, jina hilo likaachwa, na chama kikaitwa East African Association. Waliona kwamba katika mji kama huu jina la kabila moja ni nguo fupi, haiwafuniki wote wanaotozwa kodi ileile na kubeba kipande kilekile. Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe, na tarehe 16 mwezi huo wakapigwa risasi, wengi wakafa.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1920, Serikali na Manispaa ziliamua kwamba Waafrika wa mjini wakae mahali pamoja, upande wa mashariki. Ndipo ilipoanza Pumwani, iitwayo pia Majengo. Manispaa ilitoa viwanja kwa ada, na kila aliyepewa akajenga mwenyewe kwa fito na udongo, vyumba vikitazamana huku na huku. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vingine akavipangisha. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliokuja mjini mikono mitupu na kupata kwa jasho lao mali ambayo huko walikotoka desturi haikuwaruhusu kuimiliki. Mwaka 1926 ilifunguliwa hospitali ya wazazi ya Lady Grigg, ambayo sasa ni Hospitali ya Uzazi ya Pumwani. Tangu hapo watoto wa mataifa mengi wamezaliwa katika jengo moja.

Waswahili husema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mji wetu mambo yalikwenda kinyume. Jembe mgeni alipewa siku ile ile ya kwanza. Alichonyimwa ni mahali pa kukaa pasipo hofu. Sheria za ukoloni zilimhesabu Mwafrika kuwa ni mtu wa kupita mjini, mwenye kazi leo na kurejea kwao kesho, hata kama ndio kwanza ametoka Kiambu, mwendo wa saa chache kwa miguu. Ndiyo sababu nyumba nyingi za wafanya kazi zilipimwa kwa vitanda vya wanaume wasio na jamaa, wala si kwa mke na watoto. Ndiyo sababu pia Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za Manispaa ambazo hazikuwa mali yao kama zile za kwanza.

Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, majeshi yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani, wakachambuliwa mmoja mmoja, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Hapo yafaa tutue kidogo. Waliofanyiwa hayo walikuwa watu wa nchi hii hii, nao walifanywa wageni kwa amri tu.

Wala ugeni wa namna hiyo haukwisha pamoja na ukoloni. Katika upande wa pili wa mji, Kibera, Wanubi waliletwa wakiwa askari wa King's African Rifles, wakapewa kukaa huko tangu mwanzo wa karne ya 20. Wajukuu na vitukuu vyao waliendelea kutazamwa kama watu wasio na kwao, na hati ya ardhi, ya ekari 288, waliipata mwaka 2017. Karibu nasi, Eastleigh ilianza kama mtaa wa Wahindi, na Wasomali wamekuwapo tangu zamani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, walikuja wakimbizi wengi, na baada yao Wahabeshi na wengineo. Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni, ikageuzwa vyumba vyake kuwa maduka, na kutoka hapo ikakua biashara inayowavisha watu wa Nairobi na wa mbali. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya kigaidi, maelfu ya watu walikamatwa mtaani humo na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Ilikuwa ni miaka 60 kamili tangu ule mwezi wa Aprili mwingine.

Basi, ni kitu gani kilichomwezesha mtu kudumu katika mitaa hii? Kodi nafuu ilimleta, lakini haikumweka. Kilichomweka ni jirani wa kumkopesha unga, na watu wa kumzika. Mtu aliyefia Nairobi, na kwao ni Tabora au Manyema, hakuwa na ukoo wa kuchukua maiti yake. Waliokuwa Waislamu walivikwa sanda na majirani, nao wasiokuwa Waislamu walichangiwa jeneza. Vyama vya ustawi vilitokana na haja hiyo. Vingi viliundwa kwa kabila, kama vile Luo Union na vya Waluhya, na vilifanya kazi kubwa ya kuzika, kusomesha na hata kucheza mpira. Mwaka 1980 Serikali ilipiga marufuku vyama vya kikabila, na vilivyobaki vikalazimika kujifunza upya kwamba mtaa nao ni ukoo.

Rai yetu twaieleza waziwazi. Aliyekaa mtaani mwaka mzima, akatoa ada yake na kuhudhuria mazishi ya wenzake, aandikwe, popote alipozaliwa. Wako wenye hofu kwamba mfuko hautatosha. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, na mweka hazina ameonyesha mizani katika kurasa zilizotangulia. Lakini aandikwaye huongeza mfuko kwa ada yake, na asiyeandikwa, siku akifa, hatuwezi kumwacha mlangoni. Tutamchangia vivyo hivyo, bila ya yeye kuwa amechanga. Wanachama watakapoinua mikono katika mkutano mkuu, twawaomba wakumbuke ni nani aliyempokea baba au bibi yao aliposhuka garini na furushi lake.