Sahihi Kwenye Kifundo cha Mguu

Raba zangu za kwanza za turubai nilizinunua mitumbani, nyeusi, zenye ncha nyeupe ya mpira na kiraka cha duara upande wa ndani wa kifundo cha mguu. Katikati ya kiraka kuna nyota, na kwenye nyota mtu ametia sahihi yake: Chuck Taylor. Nilizivaa mpaka soli zikatoboka, na muda wote huo sikujiuliza huyo Taylor ni nani. Nilidhani ni jina la kiatu tu.

Kumbe alikuwa mtu, na wala hakuwa bingwa. Kampuni ya Converse ilianzishwa mwaka 1908 huko Malden, jimbo la Massachusetts, Marekani, na mwaka 1917 ikatoa kiatu cha mpira wa kikapu. Taylor, aliyezaliwa Indiana mwaka 1901, aliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama muuzaji. Kikapu alikuwa amekicheza, lakini hakuvuma. Alichokiweza ni kuzunguka. Alipakia viatu garini, akaendesha kutoka mji hadi mji, akalala katika nyumba za wageni, na kila alikofika aliingia kwenye ukumbi wa shule akawafundisha vijana kutoa pasi na kulenga kikapu, bila malipo. Baada ya somo kama hilo, kocha hakuhitaji kuambiwa aagize viatu gani.

Katika miaka ya 1930 kampuni ikaweka jina lake kwenye kiraka. Abraham Aamidor, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2006, anaeleza kuwa Taylor hakupata hata senti moja kwa kila jozi iliyouzwa. Alipewa mshahara na gharama za safari, basi. Mtu atasema alidhulumiwa. Mimi sina hakika. Kuna watu ambao barabara yenyewe ndiyo ujira wao. Lakini nikikumbuka kwamba Michael Jordan, aliyetia saini mkataba na Nike mwaka 1984, alikuwa na fungu lake katika mauzo ya viatu vyenye jina lake, moyo unanisuta kidogo kwa ajili ya mzee yule.

Hata hivyo tofauti yao ndiyo inayonivutia. Anayenunua kiatu cha Jordan ananunua kumbukumbu ya mtu aliyeruka angani mbele ya televisheni. Anayenunua cha Taylor hanunui kumbukumbu ya mtu yeyote. Hadi miaka ya 1960 wachezaji wengi wa kulipwa Marekani walikivaa. Kisha vikaja viatu vya ngozi, imara zaidi, na uwanjani kikapotea. Kwa haki kingekufa hapo. Badala yake kikachukuliwa na wapiga magitaa, wanafunzi, na vijana waliokichorachora kwa kalamu za wino. Wapo wanaosema ni matangazo. Nadhani ni kwa sababu kilikuwa rahisi, hakina madoido, na jina lililokuwa juu yake halikuwa na sura: halikumdai mvaaji afanane na mtu.

Converse ilifilisika mwaka 2001, na mwaka 2003 ikanunuliwa kwa dola zaidi ya milioni 300. Mnunuzi alikuwa Nike, kampuni ya Jordan. Sahihi ya Taylor ikabaki palepale kifundoni. Mwenyewe alikuwa amefariki Juni 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 68.

Juzi nilipita tena mitumbani nikaziona, nyekundu safari hii. Nikamwuliza kijana muuzaji kama anamjua huyu Chuck Taylor. Akaufuta mchanga kwenye kiraka kwa kidole gumba, akanionyesha.

“Ukiona hilo jina, mzee wangu, ujue ni orijino.”

Kisha akapandisha bei.