Simu imeshika WiFi lakini intaneti hakuna? Ijue DHCP, mgawaji wa anwani za IP

Alama ya WiFi imejaa, nywila umeiweka sawasawa, lakini WhatsApp haitumi. Wengi hukimbilia kuilaumu kampuni ya intaneti. Mara nyingine tatizo liko humo humo ndani ya nyumba au duka, kwenye kifaa kinachogawa anwani za IP. Ukiielewa kazi yake unaweza kuokoa hela ya fundi, na kama wewe ndiye fundi, utaacha kurudishwa eneo moja kila wiki.

Anwani ya IP ni nini?

Ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, mfano 192.168.1.25. Bila namba hiyo, data uliyoomba haijui irudi wapi. Vifaa viwili vikiwa na namba moja kwenye mtandao mmoja ni ugomvi: mara huyu anapata, mara yule anakatika.

Mwanzoni mafundi waliziandika namba hizi kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 ulitoka utaratibu unaoitwa DHCP, na maelezo yake yaliyo msingi wa unaotumika leo yalitolewa Machi 1997. Maana yake ni moja tu: kifaa kiombe chenyewe, kipewe.

Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani, hazilipiwi. Za nje, zinazoonekana duniani, ni adimu. Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4 iliisha Februari 2011. Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, na tangu Januari 2020 ombi moja haliwezi kuzidi anwani 1,024. Ndiyo maana nyumba nzima hutoka nje kwa namba moja, na ndani mnagawana zenu.

Inavyofanya kazi

Fikiria gesti. Mgeni anauliza: "Kuna chumba?" Mapokezi wanajibu: "Namba 25 kipo." Mgeni: "Nakichukua." Mapokezi wanaandika kitabuni na kumpa ufunguo. Simu yako hufuata hatua hizo hizo nne inapoingia kwenye WiFi mpya, na kwa kawaida huzimaliza kabla hujajua kinachoendelea.

Chumba hicho ni cha kukodi, sio cha kununua. Muda ukifika nusu, simu inaomba kuongezewa. Ukiondoka bila kuaga, chumba kinabaki na jina lako mpaka muda uishe.

Tatizo la kwanza: vyumba vimejaa

Mtandao wa kawaida wa nyumbani una anwani 254 za kutumika, na moja inachukuliwa na ruta. Lakini ruta inaweza kuwa imepangwa igawe chache zaidi, mfano 100 tu.

Sasa chukua mgahawa wa Mwananyamala wenye wateja 150 kwa siku, na muda wa kukodi ni saa 24. Mchana simu 100 za kwanza zimeshamaliza vyumba vyote, japo wenyewe wameshakunywa chai na kuondoka. Mteja wa 101 anaona WiFi, anaweka nywila, anakaa patupu.

Dalili yake: simu inasema inatafuta anwani ya IP, kisha inakata. Kompyuta ya Windows itajipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, ikimaanisha imeomba na hakuna aliyeijibu.

Dawa: ingia kwenye ruta, punguza muda uwe saa moja au mbili, na panua idadi ya anwani. Nyumbani kwenye watu sita, saa 24 hazina shida.

Tatizo la pili: mapokezi wawili

Hili linasumbua nyumba za wapangaji na fremu zinazochangia intaneti, iwe Tandika au Magomeni. Mtu analeta ruta yake ili WiFi ifike chumbani, anachomeka waya kwenye poti ya LAN badala ya WAN. Ruta hiyo nayo inaanza kugawa anwani. Anayejibiwa nayo anaelekezwa mlango usio na intaneti. Ndiyo maana utasikia "kwangu inafanya kazi, kwako haifanyi".

Dawa: kwenye ruta ya pili zima DHCP, na ibadilishie anwani yake isifanane na ya kwanza. Mgawaji awe mmoja tu.

Kama jengo lina swichi ya kisasa inayopangika, iwekee ulinzi unaoitwa DHCP snooping. Unaiambia swichi ni poti ipi inaruhusiwa kutoa majibu, poti nyingine zikijaribu zinazibwa mdomo. Angalizo: kabla ya kuiwasha, hakikisha poti inayokwenda kwa mgawaji halali umeiruhusu. Ukisahau, hakuna mpya atakayepata anwani.

Na swichi yenyewe je?

Swichi ndogo ya poti nane isiyopangika haihitaji anwani ya IP. Inapitisha tu. Inayopangika inahitaji anwani ili fundi aingie akiwa mbali. Kwa kawaida anwani hiyo huwekwa kwenye intafesi ya VLAN, yaani kundi la poti, na sio kwenye poti moja moja.

Shule inaweza kuwa na VLAN tatu: ofisi, wanafunzi na kamera. Kila kundi lina mlango wake wa kutokea. Ombi la DHCP halivuki kutoka kundi moja kwenda lingine, kwa hiyo kama mgawaji yuko kundi jingine, kifaa kinachounganisha makundi lazima kiagizwe kumpelekea ombi. Kwenye Cisco amri ni ip helper-address, ikifuatiwa na anwani ya mgawaji.

Swichi 20, fundi mmoja

Shule ikiwa na majengo Tegeta na Bunju, kupanga swichi moja moja kwa mkono ni siku nzima na makosa ya kutosha. Kuna njia mbili za kuifanya kazi ijiendeshe.

Ya kwanza ni DHCP hiyo hiyo. Swichi mpya zenye uwezo huo, zikiwashwa tu, huomba anwani, na pamoja nayo huambiwa faili la mpangilio liko seva gani. Zinalipakua na kujipanga zenyewe.

Ya pili ni jedwali. Andika kila swichi, intafesi na anwani yake kwenye mstari wake, kisha programu kama Ansible isome jedwali na kuingiza mipangilio kwenye swichi zote. Faida ni kwamba jedwali ndilo kumbukumbu: fundi akiondoka, anayekuja anajua nini kiko wapi.

Hatari nayo ipo. Kosa la mkono linaharibu swichi moja, kosa la jedwali linaharibu 20 kwa dakika. Kwa hiyo:

- Hifadhi nakala ya mipangilio ya zamani.
- Jaribu kwenye swichi moja kwanza.
- Kama uko mbali, kwenye Cisco anza na amri reload in 10. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi ilivyokuwa, mradi hujahifadhi mabadiliko. Mambo yakienda sawa, ifute kwa reload cancel, kisha hifadhi.

Visivyotakiwa kuhamahama

Printa ya risiti, kamera na swichi zenyewe ziwe na namba ya kudumu. Printa ikibadilishiwa anwani, kaunta inasimama. Njia nzuri ni kuitengea namba kwenye ruta kwa kutumia MAC yake, namba inayotoka nayo kiwandani.

Ukitaka kuitengea simu, kumbuka Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huficha MAC halisi. Zima kipengele hicho kwa WiFi hiyo tu.

Umeme nao una lake. Ukikatika, ruta nyingine husahau kitabu cha mapokezi, wakati laptopu yenye chaji bado inashikilia namba yake. Umeme ukirudi, namba hiyo inaweza kupewa mwingine. Zima WiFi ya kifaa kinachosumbua, iwashe tena, kiombe upya.

Kabla hujapiga simu huduma kwa wateja

1. Angalia anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio ya WiFi.
2. Haipo, au inaanza na 169.254: mgawaji amejaa au hafikiki.
3. Ipo, lakini tarakimu za mwanzo ni tofauti na za wenzako walio kwenye WiFi hiyo hiyo: tafuta ruta ya pili.
4. Ipo na inafanana na za wenzako, lakini wote hampati: hapo ndipo uwapigie kampuni ya intaneti.