Jembe Kwenye Birika la Ubatizo



Katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Norfolk, nchini Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Burnham Deepdale. Kanisa lake ni dogo, lenye mnara wa mviringo, na ndani yake mna birika la ubatizo la jiwe, lenye pande nne, lililochongwa katika karne ya 12.

Je, ungetazamia kuona nini ubavuni mwa chombo kama hicho? Mitume, labda, au malaika. Katika kanisa la Bridekirk, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi hiyo, birika la karne iyo hiyo linaonyesha Yohana akimbatiza Bwana Yesu. Lakini mchongaji wa Burnham Deepdale alichonga wakulima. Pande tatu za jiwe zina miezi 12, minne kila upande, na kila mwezi una kazi yake. Mwezi wa Februari, wakati wa baridi kali, mtu ameketi akiota moto. Machi analima. Aprili anapogoa miti. Mei ameshika bendera, kwa maana siku hizo watu walizunguka mashamba wakimwomba Mungu abariki mimea. Juni anapalilia, Julai anafyeka nyasi, Agosti anafunga mganda, Septemba anapura nafaka. Novemba anachinja nguruwe, maana nyama ya msimu wa baridi ilikuwa lazima iwekwe akiba mapema.

Hapana budi tukumbuke watu hao walikuwa nani. Wengi wao walifungwa na ardhi ya bwana mkubwa, wala hawakuweza kuhama bila ruhusa yake. Hawakujua kusoma. Padre alipombatiza mtoto wao alisema Kilatini, nao hawakuelewa. Lakini baba aliyesimama pale, mikono yake ikiwa na sugu, aliweza kulitazama jiwe na kujiona mwenyewe.

Na maji yenyewe waliyaonaje? Yalibarikiwa, kisha yakakaa birikani muda mrefu, na wengine wakayaiba wakayatumie kwa uchawi. Ndiyo sababu mwaka 1236 Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund, aliagiza mabirika yafunikwe na kutiwa kufuli. Watu walibatizwa, naam, lakini hofu ya kale haikuwa imewatoka.

Basi hatushangai kwamba baadaye wako waliochukizwa. Mwaka 1645 Bunge la Uingereza lilikubali Mwongozo wa Ibada ulioandikwa na Mkutano wa Westminster, ule ule ambao Ukiri wake wa Imani wajulikana sana kwa ndugu zetu Wapresbiteri. Mwongozo huo ulisema ubatizo ufanyike mbele ya kusanyiko, watu waone na kusikia, wala si mahali pale pa zamani penye mabirika. Bakuli la kawaida lilitosha. Kwa maoni yangu walikuwa na haki katika neno hilo: ubatizo ni jambo la kanisa zima. Lakini mabirika mengi yalitupwa nje kwa ukali, mengine yakawa ya kunyweshea mifugo, na pamoja na ushirikina ikatupwa kazi ya mikono ya watu waliomcha Mungu.

Hili la wakulima limebaki. Nikilifikiri, nakumbuka Nuhu. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, aliyafananisha maji ya gharika na ubatizo. Na maji yale yalipokauka, Mungu aliahidi nini? Mwanzo sura ya 8 yatuambia: majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma. Ahadi ya kwanza baada ya maji ilihusu shamba.

Mwezi wa Desemba nimeuacha hadi sasa. Hapo hakuna jembe wala fyekeo. Watu wameketi pamoja mezani, wanakula.